Mstari Kwenye Ngoro

Jumapili, 2 Machi

Ngumbo, ufukweni. Stendi iko mchangani, miguu yake nimeikandamiza mpaka ikakataa kuzama zaidi. Mvua ya jana imeosha hewa. Milima ya ng'ambo, upande wa Malawi, inaonekana mpaka mikunjo yake. Nimefunga lenzi ya zamani tena. Bado inanishinda.

Leo nimejua kosa liko wapi. Ni adapta. Kile kipete cha chuma kinachoiunganisha lenzi ya kamera ya filamu na kamera yangu ya kisasa ni chembamba kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo nikiizungusha pete ya fokasi hadi mwisho, nikidhani nimefika mbali kabisa, kumbe nimepitiliza. Milima inakuwa uji. Lazima nirudi nyuma kidogo sana, upana wa ukucha, ndipo inakaa.

Wiki nzima nimekuwa nikiilaumu lenzi bure.

Dawa ni kutoamini alama zilizochorwa kwenye pete. Niamini jicho. Nabonyeza kitufe, picha inakuzwa, na kila kilichokamata fokasi kinapata chembe nyekundu pembezoni. Leo niliuona wekundu ukipanda mlima taratibu kama siafu. Ulipofika kileleni nikabonyeza.

Nina furaha. Misa nimeikosa.

Jumatano, 5 Machi

Mbinga. Jumatano ya Majivu. Waliokuja kupiga pasipoti saizi wote wana majivu usoni. Mmoja kaniomba nimfute majivu kwenye kompyuta. Nimemwambia arudi kesho akiwa ameshanawa.

Mvua mchana kutwa. Umeme umekatika mara kadhaa. Nimekaa na lenzi mapajani, naipangusa. Nzito. Chuma na kioo tupu, haina waya wala mota. Fundi mmoja wa Songea aliyefunga studio yake ya filamu ndiye aliyeniachia. Joakim anaiita bomba la maji. Mume wangu ni fundi pikipiki, kila kitu kwake ni bomba au cheni.

Mwenye nyumba ya wageni Mbamba Bay anataka picha kubwa za ukutani. Za ziwa ninazo. Bado milima ya Umatengo. Ijumaa naenda Maguu kwa mama mdogo Skola.

Jumamosi, 8 Machi

Maguu. Nimelala kwa mama mdogo tangu jana. Asubuhi nimevuka kijito, nikapanda mgongo wa pili, nikasimama juu ya jiwe kubwa linalotazama mlima wao. Huu ndio mwezi wake. Ngoro zimechimbwa upya mlima mzima, mashimo ya mraba, safu juu ya safu, kingo nyeusi zenye nyasi zilizofukiwa ndani. Chini yake kahawa. Chini ya kahawa nyumba tatu: ya mama mdogo na baba mdogo Anselimi, ya shemeji yao mjane, na ya vijana waliofunga ndoa mwaka jana.

Ukungu ulikuwa unakuja na kwenda. Lenzi iliyokuja na kamera ilihangaika, mbele, nyuma, mbele, kama mlevi anayetafuta kitasa. Nikaitoa. Nikafunga ya zamani. Yenyewe inakaa nilipoiacha.

Nilianza chini. Wekundu ukapanda kwenye mabati, kwenye kahawa, kwenye ngoro. Katikati ya ngoro ukachora mstari mrefu unaokata mlima. Nikadhani njia ya mbuzi. Nikapiga.

Mama mdogo kanipikia likolo, mboga zetu za majani, na ugali wa moto. Nimekula kupita kiasi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimefungua picha za jana kwenye laptopu. Sijisikii vizuri.

Ule mstari si njia. Nimeukuza. Safu za ngoro zilizo juu ya mstari hazikutani na safu zilizo chini yake. Ni kama shati lililokosewa vifungo. Mama mdogo hachimbi hivyo. Hakuna mwanamke wa Maguu anayechimba hivyo.

Kwanza nimeishuku lenzi. Lenzi kuukuu huota ukungu ndani, nyuzi nyembamba kama za buibui. Nimeimulika kwa tochi. Uzi mmoja upo, pembeni. Siyo huu. Uchafu wa lenzi ungekaa mahali pamoja kwenye kila picha. Mstari huu haukai mahali pamoja kwenye picha. Unakaa mahali pamoja mlimani.

Nimemwonyesha Joakim. Kaangalia muda mrefu. Kasema labda walichimba siku mbili tofauti.

Labda.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nimepiga simu Maguu asubuhi, mchana, jioni. Haipatikani. Baba mdogo huchaji simu sokoni, na siku ya mvua haendi sokoni.

Nimepiga pasipoti za watu huku mawazo yako mlimani. Nimemkata mtu sikio. Kwenye picha. Nimerudia bure.

Nina hofu na nina aibu ya kuwa na hofu. Mimi ni mpiga picha. Si mtu wa ardhi.

Jumanne, 11 Machi

Joakim amefunga karakana, kanipeleka Maguu kwa pikipiki. Tope mpaka kwenye vitovu vya magurudumu. Mara mbili nimeshuka nikasukuma. Hakulalamika. Hapo nikajua na yeye anaogopa.

Jiwe lile lile. Stendi pale pale, alama za miguu yake bado zipo kwenye udongo. Lenzi ile ile, urefu ule ule. Nikapiga. Kisha nikaanza kubadilisha kwenye kioo cha kamera: ya Jumamosi, ya leo, ya Jumamosi, ya leo. Kila kitu kimetulia. Jiwe lililo juu ya mstari limetulia. Mti wa mgrivelia wa mpakani umetulia. Lakini kipande chote cha chini ya mstari kinaruka. Kidogo. Kinashuka, kinapanda, kila nikibonyeza.

Joakim akaniambia, "Mama Ima, acha kubonyeza."

Tumeshuka nyumbani. Baba mdogo alikuwa ananoa jembe. Nikamsalimia, shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nimerudi mapema hivi. Nikamwonyesha. Akaiangalia kamera kama mtu anayeonyeshwa cheti cha mtu mwingine.

"Picha yako imeona nini ambacho jembe langu halijaona?"

Nikamwambia sijui. Ndiyo maana naomba twende tukaangalie.

"Nina ngoro za kumaliza."

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo kwamba wiki iliyopita jembe lake lilizama huko juu mpaka mpini. Akadhani shimo la fuko.

Baba mdogo akaendelea kunoa. Tumelala hapa hapa. Nina hasira naye. Nampenda, na nina hasira naye.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Hyera. Alifunika kioo cha kamera kwa koti lake ili aone vizuri. Alikaa humo muda mrefu kama anavuta mvuke wa dawa. Akatoka akasema, "Binti, mimi siwezi kuhamisha watu kwa picha. Twende juu."

Sikuudhika. Ndicho nilichokuwa nataka.

Tulimpitia baba mdogo. Kwa mwenyekiti hakuweza kukataa. Tulipanda sisi wanne. Kutoka chini huoni kitu, na ukiwa juu yake pia huoni, maana nyasi za ngoro zimeinamia pande zote mbili. Tulikuwa tumeshaupita bila kujua. Nilirudi nyuma nikitafuta mgrivelia wa mpakani, nikapima kwa macho kutoka hapo kama ilivyo kwenye picha. Nikasema, hapa.

Mwenyekiti akachoma fimbo kwenye nyasi. Ikaingia. Ikaendelea kuingia. Mkono ukafuata mpaka kwenye bega. Alipouchomoa, kiganja kilikuwa kimelowa. Kule ndani kulikuwa na maji.

Baba mdogo alichuchumaa. Akaondoa nyasi kwa mikono yake, taratibu, kama anafunua mtoto aliyelala. Ufa. Ukingo wa chini umekaa chini kuliko wa juu, kiasi cha goti. Aliuangalia kushoto, akauangalia kulia mpaka unakopotelea.

Akashuka. Alipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye banda, akaanza kufungua nguruwe.

Nilikaa chini kwenye tope.

Ijumaa, 14 Machi

Nyumba zote tatu zimehama. Wako kwenye ukumbi wa kigango, upande wa pili wa kijito. Majirani wamebeba magodoro, masufuria, magunia ya mahindi. Vijana wamebeba hata mlango wao mpya. Mama mdogo kabeba picha ya harusi yake kifuani, haikupigwa na mimi, imepauka. Shemeji mjane alikataa mpaka kuku wote walipopatikana. Tumekimbiza kuku mchana kutwa.

Mwenyekiti ametoa taarifa kwa wakubwa wake. Wamesema wasirudi mpaka mtaalamu aje kuangalia. Wamefanya haraka kuliko nilivyotarajia.

Nimerudi Mbinga. Nimeoga. Usingizi hauji vizuri, lakini unakuja.

Jumapili, 16 Machi

Jua. Jana jua, leo jua. Anga imefutwa. Haijawahi kuwa hivi mwezi wa tatu.

Joakim alikuwa Maguu kupeleka unga. Anasema watu wameanza kucheka. Njiani wanasema familia ya Anselimi imetolewa nyumbani na kamera. Wanawake kisimani wanamwuliza mama mdogo kama akipigwa picha ya paji la uso itaonyesha siku ya kufa.

Mama mdogo hajibu. Baba mdogo anajibu, na hilo ndilo baya. Amesema maharage hayajipandi yenyewe. Amesema ufa kama ule babu yake aliuona akaufukia na maisha yakaendelea.

Naandika ukweli. Leo mchana niliangalia jua likiwaka nikatamani mlima udondoke. Nilitamani kabisa, kwa moyo wote, ili nisionekane mjinga. Kahawa ya watu. Nyumba ya mama mdogo. Nikatamani. Kisha nikaona aibu mpaka nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepanda Maguu na Joakim. Sikuweza kukaa Mbinga. Mawingu yamerudi, mazito, yamekaa kwenye vilele.

Jioni kwenye ukumbi baba mdogo aliniita kando. Alikuwa mpole. Alisema, "Mwanangu, sikulaumu. Uliona ulichoona. Ila kesho nakwenda kwangu."

Nikamwomba. Mama mdogo akamwomba. Mwenyekiti akaja naye akamwomba. Akasema sawa, haendi. Alilisema haraka mno.

Jumanne, 18 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Mvua ilianza alfajiri. Si mvua ya kelele, ile ya kushikilia. Tulipoamka godoro la baba mdogo lilikuwa tupu na jembe halipo. Mama mdogo akasema atakuwa ameenda choo. Wote tulijua si choo.

Joakim na vijana wawili wa kigango wakatoka kumfuata, lakini kijito kilikuwa kimejaa, daraja la magogo liko chini ya maji. Wakazunguka kutafuta kivuko cha juu. Mimi nilichukua kamera nikapanda kwenye jiwe. Sikujua la kufanya lingine. Nikafunga lenzi ya zamani, nikafunika kamera kwa mfuko wa plastiki, nikaanza kumtafuta.

Mlima ulikuwa kijivu. Nilizungusha pete kwa vidole viwili. Nikarudi nyuma upana wa ukucha. Wekundu ukashika kahawa. Ukashika mabati. Ukashika banda la nguruwe, kamba ya kuanikia nguo, ngazi ya mlangoni. Nilipita kila kona. Wekundu ulishika kila kitu isipokuwa mtu.

Kisha mstari ukatanuka machoni pangu. Nilikuwa bado nimekuza picha. Niliona safu za ngoro zikipinda. Mgrivelia ukainama kama mtu anayesujudu, ukalala. Sauti ikaja baadaye. Kama lori linalomwaga mchanga, ila halimalizi kumwaga.

Niliinua kichwa. Mlima ulikuwa unatembea. Kahawa ilikuja imesimama wima, miti mizima, kama watu wanatoka kanisani. Ikafika kwenye nyumba. Mabati yakameta mara moja. Basi. Tope likafika kijitoni, likatulia, na baada ya hapo ikabaki mvua tu.

Nilipiga kelele jina lake. Sijawahi kumwita baba mdogo kwa jina lake maishani. Leo nimemwita Anselimi, Anselimi, kama mtoto asiye na adabu.

Nilishuka nikianguka. Ukumbini watu walikuwa wametoka nje, mama mdogo amesimama katikati yao, ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Shemeji mjane alikuwa ameanza sala. Nilifikiri: nimewatoa watu wote, nimemwacha mmoja. Nilifikiri hivyo waziwazi.

Halafu nikasikia mtu anakohoa.

Akatokea nyuma ya kigango, kwenye migomba. Amelowa tope mpaka kiunoni, jembe begani. Joakim na wale vijana walikuwa nyuma yake. Mama mdogo alimwendea akampiga kwa kanga, akampiga tena, kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena. Naye alisimama tu akipigwa.

Alipopata kuongea alisema, "Mlango umekataa kufunguka."

Hatukumwelewa. Akaeleza. Alifika kwake asubuhi. Alitaka kuingia kuchukua mbegu alizozisahau darini. Ufunguo ukazunguka, mlango haukufunguka. Akausukuma kwa bega. Mlango aliutengeneza mwenyewe, haujawahi kukwama. Akarudi nyuma akaangalia, akaona fremu imelala upande. Akasema moyoni, nyumba imegeuka. Hakungoja mbegu. Alikata kupitia kwenye kahawa kwenda kivuko cha juu. Alikuwa amekwisha kuvuka alipoisikia ikija nyuma yake. Joakim alimkuta amekaa chini ya mti upande huu, ameshika jembe, hawezi kusimama.

Kisha akanigeukia mimi. Alinishika kichwa kwa mkono wake wenye tope, kama padre anavyombariki mtoto, akaenda kukaa.

Wote wapo. Nguruwe wapo. Kuku wapo. Hakuna hata mtu aliyekwaruzwa.

Nimelia mbele ya watu wote. Sijali.

Jumatano, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Nimelala mpaka saa nne asubuhi. Joakim kapika chai, kaweka tangawizi nyingi mno. Nimekunywa yote.

Picha za Maguu sitaziuza. Mwenye nyumba ya wageni nimemwambia nitampa za milima ya Mkumbi. Kakubali.

Ijumaa, 21 Machi

Mama mdogo na baba mdogo wako kwetu Mbinga. Vijana wako kwa wazazi wa binti. Shemeji mjane kakataa kuiacha Maguu, yuko kwa jirani na kuku wake.

Baba mdogo anaamka mapema, anafagia uwanja, anafagia tena. Kahawa ile alipanda mwaka aliooa. Leo mama mdogo kaniambia usiku mumewe anahesabu miti kwa sauti. Nimemwomba baba mdogo anitengenezee rafu ya studio. Kaitengeneza kwa siku moja, imara kuliko nyumba.

Jumapili, 30 Machi

Mzee Hyera ameniomba nipite kwenye migongo mingine na lenzi yangu. Mtaalamu amekuja, ameangalia, amesema pale pa zamani hapajengwi tena, na sehemu nyingine zipimwe kwanza. Lakini ni mmoja na milima ni mingi. Mwenyekiti akasema, wewe tuangalizie tu, ukiona jambo sema, sisi tutapanda.

Leo Mkumbi. Joakim ananipeleka, bado anaiita lenzi bomba la maji, ila sasa anataka alibebe yeye. Nimesimama sehemu nyingi. Naanza chini, nazungusha pete, naacha wekundu upande. Nyumba. Migomba. Kahawa. Ngoro. Nasubiri kuona mstari. Moyo unadunda kila mara.

Hakuna. Safu zinakutana. Mlima baada ya mlima, safu zinakutana.

Sikujua kwamba shamba lisilo na tatizo linaweza kuwa kitu kizuri hivi. Nimepiga picha nyingi za mashamba yasiyo na tatizo. Hizi ndizo zitaenda Mbamba Bay.

Jumanne, 8 Aprili

Ukoo umekaa. Kuna mgongo mdogo upande wa magharibi, umelala, si mkali, ambao kaka yake baba mdogo alikuwa haulimi tena. Wamempa baba mdogo. Alirudi kutoka kwenye kikao akala chakula chake chote. Mama mdogo alinikonyeza.

Kesho baba mdogo anakwenda kukata nguzo.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, studio nimefunga. Tuko Maguu, kiwanja kipya. Mvua zimepungua. Kuta zimefika dirishani. Watu wa kigango wamekuja kukanyaga udongo, na wale waliokuwa wanacheka wamekuja pia, wamebeba maji kuliko wengine. Hakuna aliyewakumbusha.

Baba mdogo ameshaweka kitalu cha miche ya kahawa kando ya kijito. Vijiti vidogo vyenye majani mawili mawili. Nilipompita alikuwa anavitilia maji kwa kopo, kimoja kimoja.

Mchana mama mdogo akasema anataka picha. Ya wote, mbele ya ukuta. Nilikuwa na lenzi ya zamani peke yake, ile nyingine nimeiacha Mbinga. Ya zamani inavuta karibu, kwa hiyo ilibidi nirudi nyuma sana. Nikarudi mpaka kwenye mahindi ya jirani. Nikawaona wote kwenye kioo: mama mdogo, baba mdogo, Joakim na udongo mpaka kwenye nyusi, shemeji mjane ameshika jogoo, wale wanandoa vijana wameshikana mikono kwa siri nyuma.

Pete nikaizungusha. Walianza kuchoka kusimama. Nikapaza sauti nikawaambia wanivumilie kidogo, lenzi hii haijitafutii fokasi yenyewe.

"Chukua muda wako," baba mdogo akajibu kutoka kule. "Tupo."

Jua lilikuwa utosini, vivuli vibaya, jogoo ametikisika. Hata hivyo nitaichapa kubwa.